Rimu za Kwenda Kondoa

Gari letu la kwanza lilinunuliwa na kuku. Sisemi kwa mafumbo. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, kila mfanyakazi wa serikali Dodoma alikuwa na mradi wake pembeni, maana mshahara ulikuwa unaishia njiani kabla haujafika nyumbani. Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa, sijaolewa, naishi na mama yangu mjane, na nyuma ya nyumba tulikuwa na banda la kuku wa kisasa. Bunge likikaa, hoteli zinajaa. Hoteli zikijaa, mayai yanatafutwa kwa tochi. Mama alikuwa anaijua ratiba ya Bunge kuliko wabunge wenyewe. Kikao kikiahirishwa kabla ya siku zake, alikuwa anaumwa kichwa.

Basi tukadunduliza, tukadunduliza, mpaka nikateremka Dar es Salaam kwa basi na kurudi naendesha gari dogo jeupe la Kijapani, la mtumba, lililopitia Dubai. Weee! Nilipiga honi tangu kona ya mtaa hadi mlangoni petu. Majirani wakatoka. Mama naye akatoka, kajifunga kanga kifuani, akalizunguka gari polepole, akainama kutazama magurudumu, akainuka.

"Mbona liko pekupeku?" akasema.

Lilikuwa na rimu za chuma cheusi, zile zile lilizozaliwa nazo kiwandani, hata vifuniko hazina. Nikachukia papo hapo. Mimi hasira zangu hazijawahi kukaa mbali.

"Mama, hayo magurudumu yamelitoa Dar es Salaam mpaka hapa!"

"Sijasema haliendi. Nimesema liko pekupeku. Na Kondoa mimi siendi nalo hivyo."

Hapo tulikuwa tumeufikia ugonjwa wenyewe.

Mama ni mtu wa Kondoa, kule vilimani. Walizaliwa watatu: mama mkubwa, aliyewalea wenzake baada ya bibi kufariki, kisha mjomba, kisha mama, kitindamimba. Mama alipoolewa na baba yangu, karani asiye na ng'ombe wala shamba, mjomba hakumficha. Alimwambia, "Utarudi hapa kwa miguu." Hakurudi kwa miguu, alirudi kwa basi, tena kwenye misiba tu, akishuka stendi mwekundu kwa vumbi kuanzia ushungi hadi kandambili. Mjomba alikuwa anafanya biashara ya ulezi na asali, na alikuwa na pikapu yenye rimu za aloi zinazong'aa, orijino, zenye nembo ya kampuni katikati. Kila Ijumaa kabla ya swala alizifuta kwa mkono wake mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine azishike.

Baba alipofariki, mjomba alikuja Dodoma msibani, akala wali wetu, akashiba, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Marehemu Mungu amrehemu, lakini hakumwachia dada yangu hata baiskeli." Mama akaapa hakanyagi Kondoa mpaka aingie na gari, tena gari ambalo kaka yake atalizunguka akose la kusema.

Sasa gari tulikuwa nalo, na mama mkubwa alikuwa anaumwa. Miguu ilikuwa imemwisha nguvu, hatoki tena kitandani. Kila wiki kondakta wa basi la Kondoa alikuwa anatuletea salamu: mama mkubwa anawasalimu, anauliza mdogo wake anakuja lini. Mama alilia, akajifuta kwa pindo la kanga, akasema, "Tukishapata rimu." Mimi nilijifunza kuendesha gari kwa sababu ya safari hiyo moja. Nilitaka kumpeleka mama kwa dada yake akiwa bado hai. Hakuna nilichokitaka zaidi ya hicho, na kati yetu na hicho kulikuwa na rimu nne.

Tukaenda duka la spea, mtaa wa nyuma ya soko. Mwenyewe alikuwa bwana mnene, mdomo wake umepakwa asali. Ukutani alikuwa ametundika rimu kama sufuria za harusi. Akatuonyesha za aina mbili. Za kwanza orijino, zimevuliwa kwenye gari huko Japani, zina mikwaruzo na zimefubaa kidogo. Za pili mpya kabisa, bado zimo kwenye nailoni, zina nembo ile ile katikati, na bei yake ndogo mno. Kusema kweli zile za pili zilikuwa nzuri zaidi. Ungezichanganya zote na kuniambia nichague ya kweli, ningeshika ya uongo bila kusita.

"Hizi ni feki," nikamwambia.

"Aa, dada, usinivunjie heshima. Feki ni kitu cha kudanganya watu. Hii ni kopi. Mimi si nimekwambia mwenyewe kwamba ni kopi? Nimekudanganya wapi?"

Mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinua rimu moja ya kopi karibu na sikio lake, anaigonga kwa kidole kama anavyogonga yai analolitilia shaka.

"Mama, hiyo haitotoi kifaranga," yule bwana akasema.

"Kila kibovu kina sauti yake, mwanangu." Akagonga na ile orijino, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Tunachukua hizi. Kaka yangu lazima atazigonga. Namjua."

Nikahesabu zile orijino ukutani. Zilikuwa tatu.

"Ya nne iko njiani," yule bwana akasema haraka. "Wiki ijayo, Mungu akipenda."

Jamani! Kama kuna kitu kilichonizeesha katika ujana wangu ni hiyo rimu ya nne. Kila nilipotoka kazini nilipita pale. Lori limekwama Gairo. Mzigo bado uko bandarini. Tajiri kasafiri na funguo za ghala. Imefika, lakini siyo saizi yake. Zabibu zilikuwa bado maua tulipoanza kungoja. Zikaiva, zikavunwa, zikauzwa kwenye ndoo kando ya barabara, zikaisha, na rimu iko njiani. Huku nyumbani salamu zinaingia: mama mkubwa anauliza mdogo wake anakuja lini.

Jioni moja nikashindwa. "Mama, twende na haya magurudumu meusi, au tuchukue kopi, au nikupakie kwenye mkokoteni wa punda, lakini twende!"

"Unataka kaka yangu anicheke mbele ya watu?"

"Basi mama mkubwa afe akingoja rimu!"

Loo. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama aliingia ndani. Usiku ule hakula. Asubuhi aliwapa kuku chakula akiongea nao wao tu, mimi ananipita kama nguzo ya umeme. Niliumia, nikajuta, na bado hasira ninazo.

Kondakta alikuja wiki ile kama kawaida. Mama akamkaribisha kibarazani, akamuuliza, "Dada yangu kasemaje?"

Yule kondakta akaitazama kofia yake. "Safari hii hajasema kitu, mama. Nilipita. Alinitazama tu."

Mama akasimama, akakaza kanga yake. Akanigeukia, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu tugombane: "Kanunue hizo kopi."

Nilikimbia. Yule bwana mnene alitaka kuanza habari za rimu ya nne, kwamba sasa imefika Morogoro, nikamwambia azivue zile kopi ukutani kabla sijamvua yeye. Akazifunga siku hiyo hiyo, akachukua na zile nyeusi kufidia bei, akatuachia moja tu iliyokuwa ya akiba kwenye buti. Gari likang'aa mpaka nikaona haya kulitazama. Mama alilizunguka tena.

"Tutaegesha mbali," akasema. "Kaka hawezi kutembea mwendo mrefu, goti linamsumbua."

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Mama alikaa mbele, amevaa baibui lake jipya, mapajani kashika trei ya mayai ya mgonjwa. Hakupaamini mahali pengine popote ndani ya gari. Tulipita Msalato jua linachomoza, lami ikatuaga, tukaingia barabara ya vumbi. Wanaoijua barabara ile ya zamani hawahitaji kuelezwa. Ilikuwa na matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, na katikati yake mawe yaliyochongoka. Niliendesha kwa adabu zote nilizofundishwa. Mama alikuwa anasoma dua, akifika kwenye shimo anasita, tukivuka anaendelea.

Tulikuwa tumeshavuka nusu ya safari niliposikia kitu kinalia kaa! Usukani ukanivuta pembeni. Nikasimama, nikashuka, nikatazama gurudumu la mbele. Tairi limelala chini, na rimu yangu nzuri imepasuka kutoka ukingoni hadi kwenye nembo, kama sahani ya udongo.

Nilimtukana yule bwana. Nilitukana duka lake, mdomo wake na kitambi chake, nikatukana na meli iliyoleta ule mzigo. Hapakuwa na mtu isipokuwa mbuzi wawili watatu, nao wakasogea mbali. Mama alinisubiri nimalize.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Malizia huku unatoa jeki."

Nikatoa jeki. Sikuwahi kubadilisha gurudumu mbele ya mama, nadhani hakujua kama naweza. Alikaa kwenye jiwe, akazikusanya nati kwenye pindo la baibui lake jipya, akawa ananipa moja moja kila nilipoitaka. Nikafunga lile gurudumu jeusi la akiba. Nikainuka, nikalitazama gari zima. Rimu tatu zinametameta kama sikukuu, ya nne nyeusi kama chungu. Afadhali zingekuwa nyeusi zote. Nikamtazama mama, nikawa naogopa atasema turudi Dodoma. Kama angesema turudi, naapa ningeketi pale njiani nilie.

Mama alilitazama gari muda mrefu. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikafikiri analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka anashika jiwe asianguke.

"Washa gari," akasema. "Washa, kabla sijapata akili."

Tulifika Kondoa adhuhuri. Habari za kuegesha mbali zilikufa pale pale, kwa sababu mjomba alikuwa amekaa barazani na kanzu yake, na aliliona gari tangu linaingia. Nikashuka, nikampa shikamoo. Akaitikia huku macho yake yako chini, kwenye magurudumu. Akalizunguka gari polepole, hatua kwa hatua, kisha akainama. Kumbe ni ukoo! Akaigonga rimu ya kwanza kwa pete yake, akaenda ya pili, akaenda ya tatu. Majirani walikuwa wameshaanza kujaa. Alipofika kwenye lile gurudumu jeusi akaligonga pia, akacheka.

"Hizi tatu feki," akatangaza. "Orijino mliyonayo ni hii moja nyeusi."

Watu wakacheka. Nikafungua mdomo nimjibu, lakini mama alinitangulia. Alikuwa ameshuka na trei yake ya mayai, vumbi limemjaa usoni kama siku zote.

"Shikamoo, kaka," akasema. "Ni feki, kweli. Zimenileta. Wewe unazo orijino nne, na kutoka hapa hadi kwangu ni safari ya asubuhi moja. Tangu nizike mume wangu, zimekuleta mara ngapi?"

Mjomba akakohoa. Akaangalia pikapu yake, akaangalia watu, akatafuta leso mfukoni. Mimi nilitamani kupiga vigelegele pale pale uani. Mama hakungoja ajibu. Alimpa mayai ayashike, kama unavyompa mtu aliyesimama bure, akaingia ndani.

Nikamfuata. Chumba kilikuwa na dirisha dogo, ikabidi nisimame kwanza macho yazoee. Mama mkubwa alikuwa amelala ubavu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, blanketi limemfika kidevuni. Macho yalikuwa wazi. Mama akapiga magoti kando ya kitanda, akamwamkia.

"Marahaba," mama mkubwa akasema, sauti nyembamba lakini yake. Akamtazama sana. "Mbona umechelewa hivi, mdogo wangu?"

Mama yangu, aliyekuwa amemmaliza kaka yake uani muda huo huo, akaanza kunyoosha pindo la blanketi.

"Tulikuwa tunachagua rimu, dada," akasema mwishowe.

"Rimu ndiyo nini?"

"Ni... ni kitu cha gurudumu. Cha kupendezesha gari."

Mama mkubwa akafikiri. Alikuwa mtu wa kupima jambo kabla ya kulisema, hata katika hali ile.

"Mkapata nzuri?"

"Hatukupata, dada," mama akasema, na hapo ndipo alipoangua kilio, kichwa chake kwenye blanketi, analia kama mtoto aliyepotelewa na mbuzi. Mama mkubwa alitoa mkono, akampapasa ushungi wenye vumbi, akamwambia asilie, anyanyuke apande kitandani, kwa sababu pale chini alipo hamwoni vizuri.