Nyachangkuoth na Komamanga la Kuzimu

Mjukuu wangu Nyachangkuoth alizaliwa Nakuru siku ya Jumapili, na jina lake lasema hivyo kwa Kinuer, lugha yetu. Hajawahi kukamua ng'ombe mpaka leo. Simlaumu. Vita vilitupeleka Kenya, na Kenya ilitulea vizuri, nashukuru. Mimi shule yangu ya msingi niliipata kwa wamisheni Malakal, lakini Kiswahili hiki nilikiokota sokoni Nakuru, na sijakiacha.

Sasa tumerudi nchini kwetu, tunakaa mtaa wa Gurei, katika mji mkuu. Yeye anafanya kazi Hai Jalaba, katika duka la fotokopi la Mama Muhubo, Msomali wa Garissa. Anachapa barua za watu na kutoa kopi za vitambulisho. Wateja wakipungua, anaandika hadithi yake.

Hadithi yenyewe aliitoa kwa Wagiriki wa kale. Mfalme wa wafu anapasua ardhi, anamnyakua msichana anayechuma maua, anampeleka kuzimu. Huku juu mama mtu analia mpaka mashamba yanakauka. Kule chini msichana anakula punje za komamanga, na anayeonja chakula cha kuzimu ni wa kuzimu. Nyachangkuoth akaihamishia kwetu. Msichana wake anaitwa Nyaboth, akigusa udongo mtama unaota, na mfalme anatoka ndani ya mto Nile amepanda kiboko.

"Haboba," alikuwa akiniambia, maana huku bibi ndiye haboba, "wasichana wetu wanasoma mashujaa wa wenzao tu. Nataka huyu wamshike mkononi, kitabu kabisa."

Mama Muhubo hakumkatalia. "Nitakutolea," alisema, "karatasi yangu, wino wangu. Lakini kwanza wasomee wasichana. Wakichoka kabla ya mwisho, unaifuta kwa kompyuta yangu, tunaendelea na kazi."

Basi Jumapili baada ya ibada akawakusanya kwenye mabenchi ya kanisa, nami nikakaa nyuma. Alisoma, wakasikiliza. Kiboko alipotoka majini, mmoja alishika mkono wa mwenzake. Akafika pale Nyaboth amekaa mbele ya mfalme, anapasua komamanga, anakula.

Kicheko kililipuka.

"Wee! Anakula mbele ya mwanaume?" alisema Nyariek, binti wa jirani yetu, mwenye mdomo. "Na ng'ombe wa mahari hata mmoja hajafika! Huyo si shujaa, huyo ni mlafi."

"Wacha abaki huko kuzimu, ashibe!" mwingine akadakia.

Wakainuka mmoja mmoja, wakaenda zao kununua mandazi. Nyachangkuoth akabaki na makaratasi yake.

Nyumbani alitupa mkoba kitandani. "Kesho naifuta. Na wewe, Haboba, hiyo mila mbona hukuniambia?"

"Nakuru tulikaa chumba kimoja, sahani moja. Ungejificha wapi? Kwetu msichana hali mbele ya mwanaume asiye ndugu yake. Naye mwanaume hali mbele ya msichana. Mimi nilipoolewa nilishinda na njaa katikati ya walwal ya mtama na maziwa, mpaka wifi yangu Nyakong akanizibia mlango kwa mgongo wake, ndipo nikala."

"Na Babu je?"

"Babu yako alikuwa akijificha nyuma ya zizi na kibuyu chake. Siku moja nilizunguka kutafuta kuni, nikamkuta shavu limejaa. Mwanaume mrefu vile! Alitamani ardhi immeze."

Nilidhani atacheka. Alinitazama. "Kwa hiyo hata mfalme wa kuzimu hawezi kula mbele yake?"

"Kama alizaliwa na watu, hawezi."

"Haboba! Basi wote wawili wana njaa!"

Sasa akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua kalamu.

Jumamosi aliwaita wasichana dukani, nami nikafuata. Nyariek aliingia akisema, "Nimekuja kumsalimia mlafi wenu." Mama Muhubo alikaa nyuma ya meza na chai yake. Mjukuu wangu alizipanga karatasi zake.

Akasoma. Nyaboth na mfalme wamekaa, komamanga katikati, kila mmoja anangoja mwenzake asinzie. Nyaboth anafumba macho, anakoroma kwa uongo. Mfalme anachungulia, ananyoosha mkono, anauma. Nyaboth anakohoa.

"Amekula!" Nyariek alipiga kelele, akaruka kwenye kiti. "Khalas, mfalme ameisha!"

"Nyamaza tusikie!" wenzake wakamvuta.

Mfalme, ndevu zikichuruzika maji mekundu, anageukia ukutani. Anamfungulia lango mwenyewe, anamsihi asimwambie mtu. "Sitasema," anajibu Nyaboth, "mvua ikinyesha kila mwaka. Ikikosa, nitasema mpaka kwa vyura." Akapanda juu kwa mama yake, na mawingu yakamfuata.

Hakuna aliyeinuka. Nyariek akauliza, "Imeisha? Na yule kiboko?"

Mama Muhubo alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya shela. "Haya, mwanangu, weka karatasi kwa mashine. Na zile ndevu usiziguse, ziache hivyo hivyo."

Mashine ikaanza kunguruma. Kitabu cha kwanza, kimebanwa pini mbili, alinipa mimi, kikiwa bado na joto la mashine. Mungu nimemshukuru kwa mengi: kwa Nakuru, kwa kurudi, kwa macho yangu ambayo bado yanaona herufi. Siku ile nilimshukuru kwa njaa ya ubibi harusi wangu pia. Nilikaa pale pale kwenye ngazi ya duka nikaanza ukurasa wa kwanza, na wateja wakawa wananipitia pembeni.