Nusu Kidonge kwa Meneja

Mbwa wetu alipona kabla hatujampa dawa yoyote.

Narudia, maana najua wengine mnasoma huku mnatafuna: alipona kabla ya dawa. Vivimbe vilivyojaa shingoni vilinywea vyenyewe, akaanza kula, akaanza tena kuzibwekea pikipiki. Mke wangu alipiga vigelegele jikoni.

Laiti tungejua, tungekaa chini tukalia siku ile ile.

Nitawapa kisa tangu mwanzo. Ila anayetafuta cha kumchekesha mpaka mwisho apite tu, asije akanilaumu bure.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu iko mbele ya nyumba, ukitoka sebuleni unakanyaga sponji. Baba mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mzee, alihamia kwetu baada ya mama mkwe kufariki. Alikuja na sanduku moja, redio moja na mbwa mmoja.

Mbwa aliitwa Meneja.

Mzee alikuwa mlinzi wa ghala, na meneja wa ghala lile alikuwa mtu wa kufoka asubuhi mpaka jioni. Mzee alipopewa mbwa wa kulinda naye, akampa jina hilo.

"Ili na mimi nipate raha, mkwe. Niseme: Meneja, kaa chini! Meneja, funga domo!"

Akacheka mpaka pumu ikambana.

Hadithi zake zote zilikuwa za ghala. Mlinzi na mbwa, alisema, wanakula nusu kwa nusu. Ukimdhulumu mbwa chakula, siku mwizi akija na yeye anakudhulumu. Na ukikutwa umesinzia lindoni, unakatwa nusu ya mshahara.

"Kule kila kitu kilikuwa nusu," alisema. "Kizima kilikuwa kitambi cha meneja tu."

Pumu ndiyo iliyomstaafisha. Hospitali walimpa vidonge vya kumeza kila asubuhi, wakamwonya asithubutu kuruka hata siku moja. Mke wangu akajipa unyapara. Kabla ya kwenda kazini anasimama mbele ya baba yake, mikono kiunoni.

"Baba, meza."

Mzee anameza.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Wewe mtoto, mimi nilikuosha wewe matako."

"Na leo zamu yangu. Inua ulimi, Baba."

Tulikuwa tunacheka. Nyumba yetu ilikuwa na kicheko wakati ule.

Vivimbe niliviona mimi. Kazi yangu ni ya vidole, nikipapasa kochi najua sponji imejikunja wapi. Siku moja namkuna Meneja chini ya taya, nikakuta vitu viwili vigumu vinateleza ndani ya ngozi. Nikapapasa mbele ya mabega, vipo. Nyuma ya magoti, vipo.

Nikamwita Mzee. Akapapasa naye.

"Baridi tu hiyo," akasema. "Itapita."

Na kweli ikapita! Ndiyo ile siku ya vigelegele. Mzee alitembea uani kifua mbele, akijibu salamu kama aliyepandishwa cheo.

Kisha vivimbe vikarudi, safari hii na jamaa zao wote. Shingo ya Meneja ikawa nene kama amevaa mto, na akipumua anakoroma. Nikaomba gari la jirani, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Mzee alibaki nyumbani, maana na yeye kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua upya siku zile. Sisi tukalaumu vumbi la sponji zangu.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole, ila asiyejua kupamba maneno. Alimchoma Meneja sindano kwenye tezi, akavuta majimaji, akayapeleka kupimwa. Majibu yalipotoka akaniita nikae.

"Ni saratani ya tezi. Inaitwa limfoma."

"Inatibika, Dokta?"

"Inasukumwa mbele. Kupona, hapana."

Alinieleza njia zilizopo. Kuna dripu za hospitali kubwa, kwenda na kurudi wiki baada ya wiki, na kwa mbwa mzee kama huyu safari ingemmaliza kabla ya ugonjwa. Na kuna vidonge vya kumpa wenyewe nyumbani. Vingine vinapigana na ugonjwa wenyewe. Kipo na kingine cha kutuliza uvimbe tu, ambacho alisema anakibakiza kwa ajili ya mwisho.

"Bahati ikiwepo, atapata miezi kadhaa ya kula na kukimbia. Isipokuwepo..." Akainua mabega. "Swali moja. Amewahi kupewa dawa yoyote kabla ya leo? Hata ya binadamu?"

"Hapana, Dokta. Hata ya minyoo sikumbuki."

Nilijibu bila kufikiri mara mbili. Nyumba yangu, mbwa wa nyumbani kwangu, ningekosaje kujua?

Nikarudi na vidonge na masharti yake. Usikivunje, usikisage, usikishike kwa mkono mtupu. Akikojoa sakafuni, safisha ukiwa na glavu. Mzee alinitazama nikivaa glavu za kuoshea vyombo, akatikisa kichwa.

"Kidonge unachokiogopa kukishika, unampa mwenzio ameze?"

Siku ya kwanza nilikificha ndani ya kipande cha ini. Meneja alikula ini, akatema kidonge juu ya kiatu changu, akaniangalia.

"Huyo ni Meneja, mkwe," Mzee akasema. "Kadanganywa na wafanyakazi wangapi?"

Ikabidi nijifunze ujanja. Kipande cha kwanza kitupu, cha pili kina dawa, cha tatu nakishika puani kwake ili ameze cha pili upesi akiwahi cha tatu. Ikakubali. Kila siku ya dawa nilivaa glavu zangu na kufanya kiinimacho hicho, na kila siku nilipapasa shingo yake nikitafuta nafuu.

Haikuwepo. Vivimbe vilizidi. Mbavu zikaanza kuhesabika, naye akaacha kuinuka mteja akiingia.

Dokta alipita karakana siku moja kumwangalia. Alichuchumaa, akapapasa.

"Dawa zinagonga mlango, ndani hakuna anayefungua," alisema. "Mara nyingi naona hivi kwa mbwa aliyetanguliziwa ile ya kutuliza uvimbe, peke yake. Vivimbe vinanywea, watu wanafurahi, kumbe ugonjwa unajifunza. Dawa zenyewe zikija zinaukuta umeshakomaa."

"Lakini huyu hakupewa kitu, Dokta. Nakuapia."

"Basi ni bahati mbaya."

Lile neno "wanafurahi" lilinibaki masikioni, ila sikujua kwa nini.

Asubuhi iliyofuata mke wangu alimaliza ukaguzi wake, akaenda kazini. Mimi nilikuwa navisha kiti kitambaa. Sasa, sisi mafundi makochi tuna tabia moja: misumari midogo tunaiweka mdomoni, tunaibana shavuni, na tunaongea nayo humo humo. Mtu mwenye kitu shavuni namjua kwa sauti tu.

Mzee akatokea mlangoni. "Umeamkaje, mkwe?"

Sauti ilikuwa imeegemea upande mmoja.

"Mzee, na wewe umeanza ufundi? Una msumari shavuni?"

Akasimama kama aliyeshikwa. Kisha akacheka, akatema kitu kiganjani. Nusu ya kidonge, nyeupe, imeanza kuyeyuka.

Meneja, yule ambaye hakuinuka kwa mtu, alikuwa ameshakaa mbele yake. Akalamba ile nusu kutoka kiganjani. Bila ini, bila kiinimacho. Kidonge kile ni kichungu kama shubiri, na alikimeza kwa heshima zote.

"Nusu kwa nusu," Mzee akasema. "Usimwambie mkaguzi."

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu ulipoviona vivimbe. Dawa hii ilinituliza mimi, nikasema na yeye itamfaa. Si uliona alivyopona? Ni mimi yule! Halafu mkaniletea Dokta na vidonge vyake vya glavu, mbwa akaanza kuzorota."

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Alikuwa anasubiri nimsifu.

Nikaitema misumari yangu kiganjani. 

Nilisoma jina la dawa kwenye kichupa chake, nikaingia nyuma ya kochi lililokuwa limesimamishwa ukutani, nikampigia Dokta. Nikamsomea. Akavuta pumzi.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

"Kwa hiyo ni zile nusu za Mzee ndizo zilizomfungia Meneja mlango?"

"Huenda. Huenda hata bila hizo ungefungwa. Lakini ukiniuliza mimi, ndiyo."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuache vya kupigana, vinamtesa bure. Nitakupa chupa yake ya hiyo hiyo ya kutuliza, ale na alale vizuri siku zilizobaki. Na mkweo ameze kizima! Dawa hiyo mwili wa mtu ukishaizoea haipunguzwi ovyo. Anaweza kuanguka."

Nilitoka nyuma ya kochi nimeshapanga uongo wangu.

"Mzee, Dokta anasema ulikuwa sahihi. Ile dawa inamfaa. Anampa chupa yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kugawana tena."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo, Baba."

"Haya."

Nilitegemea atajigamba mpaka jioni. Hakujigamba. Alikwenda kukaa karibu na mbwa wake, akafungua redio, akaizima.

Meneja alikula vizuri siku chache. Hata mkia alitingisha. Kisha asubuhi moja jua likiwa limepanda alilala kwenye mabaki ya vitambaa pale mlangoni pa karakana, na hakuinuka tena. Mzee alikuwa ameshikilia taya lake kwa kiganja, pale pale vilipoanzia vivimbe. Nililia, sitawaficha. Mbwa ambaye alipokuja nilimwona mzigo.

Nilimfunga kwa kipande cha kitambaa kizuri cha kochi, tukamzika nyuma ya nyumba.

"Meneja, pumzika," Mzee akasema. Maisha yake yote alimwamuru yule mbwa kwa kufoka. Siku ile alinong'ona.

Tukadhani msiba umeishia hapo.

Kifua cha Mzee hakikutulia. Miguu ikakosa nguvu, akawa anashika ukuta kwenda chooni. Tukampeleka hospitali, daktari akauliza: anameza dawa kweli?

"Namwona kwa macho yangu," mke wangu akasema. "Mpaka ulimi nakagua."

Na mimi nikaapa pia. Mbwa hayupo, atagawana na nani?

Juzi nilikuwa nasafisha uani. Bakuli la Meneja lilikuwa bado kwenye kona yake, hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitupa. Nikaliinua.

Ndani kulikuwa na nusu za vidonge. Nyingine zimeyeyuka zikaganda, nyingine za karibuni, nyeupe bado. Sisimizi walizikwepa.

Nikalibeba bakuli mpaka karakana. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti ambacho sijakimaliza, kimebaki mbao na springi.

"Baba, mbwa amekufa. Hizi unampa nani?"

Hakushtuka.

"Nilikusikia siku ile nyuma ya kochi," akasema. "Ukamuuliza Dokta kama ni zile nusu zangu. Jibu lake sikulisikia. Ila nilikuona ulivyotoka ukanisifu."

"Dokta alisema huenda, Baba. Alisema huenda hata bila..."

"Mkwe." Akavuta pumzi, ikapiga filimbi. "Ghala lile, ukisinzia mwizi akaingia, unakatwa nusu. Hakuna kujitetea. Mimi nilimlinda vibaya. Najikata."

"Mpaka lini?"

Aligeuza macho upande wa nyuma ya nyumba, ambako udongo wa kaburi haujashuka bado.

"Mpaka Meneja aseme imetosha."

Nilimweleza mke wangu yote. Alilia, akafoka, akapiga magoti mbele ya baba yake. Siku hizi anasaga kidonge mwenyewe, anakikorogea kwenye chai, anamkalia mbele mpaka anywe. Mzee hagombi. Anakunywa, anamshukuru mwanawe, anasukuma kikombe.

Leo asubuhi nimekichungulia. Amekunywa nusu.

Naandika haya namsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, na sina dawa ya kumpa inayotibu hilo. Nilichonacho ni neno kwenu. Siku daktari akikuuliza, awe wa mtu au wa mnyama, "Amepewa dawa yoyote?", usiijibie nyumba nzima. Mwambie asubiri. Rudi nyumbani, wakalishe watu, uliza mmoja baada ya mwingine, na anza na yule anayempenda mgonjwa kuliko wote.