Daftari la Japani la Fundi Kewal

Nilipokuja Birmingham mwaka 1973 kusomea ualimu, nilipanga chumba kwa Fundi Kewal Singh na mkewe Surinder, katika nyumba kubwa ya matofali huko Moseley. Walikuwa Masingasinga wa Nakuru, na kila jioni Kiswahili chao kilinipunguzia upweke.

Fundi alifanya kazi katika kiwanda cha vani, Washwood Heath. Alipachika milango kwenye magari siku nzima. Huko Nakuru alikuwa na gereji yake mwenyewe. Mwaka mmoja, wakati wa mbio za magari za Safari, Datsun moja ililetwa kwake ikiwa imevunjika springi. Fundi mmoja Mjapani alilala naye chini ya gari hadi likatengemaa. Mjapani huyo alipoondoka alimwachia anwani ya Yokohama, akamwashiria kwa mikono: njoo.

Ndiyo ikawa safari ya maisha yake. Mipango yote aliiandika katika daftari la shule lililokaa juu ya meza ya jikoni. Kurasa za kushoto zilikuwa zake: kiwanda cha Datsun, bandari ambako magari hupakiwa melini, uwanja wa mbio ulio karibu na mlima Fuji. Za kulia zilikuwa za Surinder: mlima wenyewe, bustani za Kyoto, mahekalu, treni ya kasi.

"Siku tatu kiwandani?" Surinder aliuliza jioni moja, akisoma ukurasa wa kushoto. "Miaka ishirini nimenusa grisi yako, Mzee. Hata Japani nikanuse?"

"Grisi ya Japani hainuki."

"Basi ukalale nayo. Mimi nitalala Kyoto."

Lakini kila mwaka, likizo ya kiwanda ilipokaribia, Fundi alilifunga daftari na kusema, "Mwakani."

Sababu yake nilielezwa na Surinder. Mwaka 1968 waliwasili Uingereza na pasipoti za Uingereza, lakini sheria mpya ilikuwa imewabana Wahindi wa Kenya, wakazuiwa uwanja wa ndege siku mbili, Surinder akiwa amekalia sanduku lao, kabla ya kuruhusiwa kuingia. Tangu siku ile Fundi aliamini kwamba mtu mwenye pasipoti kama yake akitoka tu nchini, ruhusa yake imekwisha, na atarudi kwenye foleni upya.

"Fundi, niwaandikie wizarani niwaulize?" nilimwambia. Nilikuwa nimejaa ari ya mwanafunzi.

"Usithubutu, binti. Sasa hivi wamenisahau. Ukiwaandikia, watalikumbuka jina langu."

Nilitii. Alikuwa na umri wa baba yangu, na nyumba ilikuwa yake.

Mwishoni mwa 1975 Surinder aliugua figo. Alifariki Februari.

Mwezi wa Juni Fundi alinikuta jikoni nikisahihisha madaftari ya watoto, maana nilikuwa nimeshaanza kufundisha. Akasema, "Edah, waandikie sasa. Sina tena cha kunyang'anywa."

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, nikamsomea mezani. Lilikuwa fupi. Mtu aliyekwisha kuruhusiwa kuishi nchini, lilisema, anaweza kusafiri na kurudi, mradi asikae nje zaidi ya miaka miwili.

"Tangu lini?"

"Tangu mlipopewa ruhusa, Fundi."

Alilivuta daftari, akafungua ukurasa wa kulia, akaupitisha mkono juu ya maandishi ya mkewe kama anayefuta vumbi.

"Yeye alitaka kwenda kweli?" aliuliza. "Au alikuwa ananifurahisha tu?"

Ningeweza kumwambia kwamba sijui. Lakini nilikwenda kwenye kabati la ngazini, nikatoa mfuko ambao Surinder alinionyesha mwaka mmoja kabla. Ndani mlikuwa na sweta mbili alizofuma kwa ajili ya baridi ya Fuji, nyekundu yake na ya kijivu ya mumewe. Ile ya kijivu alikuwa ameitilia mfuko kwa ndani, wenye kifungo.

"Wa nini huu?"

"Wa pasipoti. Alisema ukiihisi kifuani, hutakuwa na wasiwasi njiani."

Fundi alikifunga kile kifungo, akakifungua, akakifunga tena.

Jumatatu alikwenda kazini Washwood Heath amevaa sweta ya kijivu. Ilikuwa Julai ya 1976, na joto la mwaka ule kila mtu analikumbuka.