Mkwe Aliyekalia Mkono Wake

Namshukuru Mungu kwa kila posa iliyowahi kuletwa nyumbani kwangu hapa Ushetu, hata ile iliyokaribia kuvunjika kwa sababu ya wapiga kura wa Ayalandi.

Mjukuu wangu, muuguzi huko Geita, alituletea mchumba wa Kiayalandi, fundi wa pampu za maji mgodini. Habari ya ng'ombe ilikuwa imekwisha. Lilibaki neno la mdogo wangu, mnunuzi wa dhahabu wa Buseresere, maana yeye ndiye msemaji wa ukoo, na asiposema ndiyo hakuna ndoa. Mdogo wangu hutembea na redio mfukoni. Alikuwa amesikia humo kwamba Wazungu wako wa kulia na wa kushoto, na mengine akayamalizia mwenyewe.

"Wa kushoto wamemwacha Mungu," aliniambia asubuhi ile. "Kaka, wewe ni katekista. Jumapili umetusomea mwenyewe: kondoo kulia, mbuzi kushoto. Sasa unataka mtoto aolewe na mbuzi?"

Nimefundisha dini miaka mingi, lakini siasa za Ayalandi hazimo katika katekisimu.

Kijana akaingia na mjukuu wangu, akatuamkia "Mwadila," salamu ya Kisukuma ya mchana, ingawa jua lilikuwa bado changa. Akapewa maji, akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Mdogo wangu akanikanyaga mguu.

"Kijana, watu wenu kule wako kulia au kushoto?"

Kijana akachangamka, kwa kuwa Kiswahili hicho alikielewa. "Kushoto, babu!"

"Wote?"

"Wote! Baba, mama, polisi, hata padri. Ukienda kulia, unakufa."

Mdogo wangu akainuka achukue kofia yake.

"Wageni wanasahau," kijana akaendelea kwa furaha, "wanaenda kulia. Tunawapigia honi."

"Honi?"

Mjukuu wangu alicheka mpaka akajifuta machozi. "Babu, anasema barabarani! Wanaendesha kushoto kama sisi."

Mdogo wangu akaketi, lakini kofia akabaki nayo mkononi. Swali la siasa likarudiwa, safari hii mjukuu akitafsiri. Kijana akakuna ndevu. Alisema vyama vyao viwili vikubwa vilizaliwa na ugomvi wa ndugu, vikapokezana utawala, na sasa vinatawala pamoja. Vyenyewe husema viko katikati. Wengi huviona kulia kidogo. Vijana waliokosa nyumba, wengi wao huenda kushoto. Na watu hao hao, walipoulizwa kwa kura mambo ya ndoa na uzazi, waliwajibu maaskofu hapana.

"Kumbe mko kwenye kipilefti," mdogo wangu akasema. "Mnazunguka tu, hamtoki."

Mimi la maaskofu liliniuma. Nikamuuliza kijana kama anasali.

"Mama anasali," akasema, "kwa niaba yetu wote."

Nikamwambia huo nao ni mwanzo.

"Na magazeti yenu?" mdogo wangu akauliza.

"Wa kulia wanasema yako kushoto. Wa kushoto wanasema ni ya matajiri, yako kulia. Baba yangu hununua gazeti ili aligombeze."

Hapo mdogo wangu alitabasamu mara ya kwanza, maana redio yake naye huigombeza kutwa.

"Na wewe shemeji uko upande gani?" mke wangu akamuuliza mdogo wangu, akileta maji ya kunawa. "Fulana za vyama vyote umekwisha vaa."

"Fulana ni fulana, shemeji. Nilikuwa nalimia."

Ugali ukawekwa. Wote tukakaza macho kwenye mikono ya kijana. Mkono wa kushoto ukanyanyuka wenyewe. Mjukuu wangu akakohoa. Kijana akautazama mkono ule kama mtu anayemtazama mbwa wake mtukutu, akaushusha, akaukalia. Kisha akamega kwa kulia. Tonge la kwanza likazama kwenye mchuzi. La pili likamwangukia kwenye suruali. La tatu likafika mdomoni, pua ikiwa imelowa.

Mdogo wangu akaweka kofia chini.

"Huyu ni wa kulia," akatangaza. "Kwa shida, lakini ni wa kulia. Mpeni nyama."

Nikafumba macho kushukuru. Nilipoyafumbua, mkwe wetu alikuwa anapambana na paja la kuku, bado amekalia mkono wake.