Jasho la Upanga wa Babu Pazi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, pale kwetu Mahege watu hawakusubiri redio iwaambie kama mto utajaa. Walisubiri upanga wa Babu Pazi.

Babu Pazi alikuwa kaka yake bibi yangu. Alipigana vita vya Burma, na huko alimbeba afisa wake mgongoni kuvuka mto huku risasi zikipigwa. Afisa yule alikuwa na upanga aliourithi kwa babu yake, aliyetuzwa kwa ushujaa katika vita vya zamani zaidi. Akampa Babu Pazi, akisema sasa upanga umepata mwenyewe. Ulikuwa na mpini wa shaba, na bapa lake lilikuwa na maandishi ambayo hakuna kijijini aliyeweza kuyasoma. Kila Ijumaa baada ya swala, Babu aliuchomoa barazani kwake akaupaka mafuta ya nazi. Ilisemwa kwamba ukikutwa na jasho, mto uko njiani. Ilisemwa pia kwamba mtu mwingine akiugusa, mkono wake utakauka.

Mimi niliugusa.

Ijumaa moja ya masika nilimpelekea maji, yeye akiwa msikitini. Nilitua ndoo, na kwa mikono iliyolowa nikauvuta upanga kutoka kwenye ala yake, shubiri mbili hivi. Nililiona jicho langu kwenye chuma. Nikasikia kikohozi njiani. Nikaurudisha, nikakimbia.

Alipouchomoa mbele ya wanaume waliotoka naye msikitini, nilikuwa nyuma ya mama, aliyeleta kahawa. Bapa lilikuwa na matone. Babu aliliangalia kwa muda mrefu.

"Unatoka jasho," alisema. "Hameni bondeni. Kesho."

Wakati ule familia nyingi zilikuwa zikikaa mashambani, kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kuwinga ndege. Mpunga ulikuwa umeshainamisha vichwa.

"Mjomba, bado wiki mbili tu," baba alisema. "Tukiondoka, ndege wataumaliza."

"Ndege atakula mpunga, Saidi. Mto utakula na wewe."

Jirani yetu Chande alicheka. "Labda na upanga wenyewe umekoga tu, mzee. Leo si Ijumaa?"

Baraza zima likacheka. Mimi niliangalia mkono wangu kama umeanza kukauka.

Pamoja na kicheko, watu walihama Jumamosi. Jumatatu kwelea-kwelea wakatua, nasi tukawatazama kutoka juu mlimani. Mimi nilijua lile jasho ni maji ya ndoo yangu, na kwamba tutakaa na njaa mwaka mzima kwa sababu yangu.

"Mama, ule upanga..." nilianza, Jumanne jioni.

"Usiutaje," alisema. "Baba yako atakuchapa."

Jumatano asubuhi mto ukaja. Haukuja kwa kelele. Tulisimama mlimani tukaona bonde limegeuka maji, na dungu la Chande likipita zima zima, shuka lake bado limetundikwa. Chande alikuwa kando yetu.

Kazi yangu ukubwani imekuwa kuuliza watu maswali, lakini hilo la upanga sikumuuliza mtu kwa miaka mingi. Nilikuja kumwambia Babu Pazi mwenyewe kwamba niliugusa, akiwa mgonjwa, hainuki kitandani.

"Najua," alisema. "Jasho halina alama za vidole, mjukuu wangu."

"Sasa kwa nini uliwahamisha watu?"

"Wiki nzima panya walikuwa wanapanda kutoka bondeni. Nilisema msikitini, wakaniambia mzee amechoka. Upanga wakausikia."

"Na kama mto usingekuja?"

Alifumba macho. "Wangenicheka mpaka leo. Na baba yako angenichukia, kwa haki."

Upanga sasa uko kwa binamu yangu, Kibiti mjini, ukutani. Hakuna anayeupaka mafuta. Wageni wakiuliza ulitolewa kwa ushujaa gani, yeye huwasimulia Burma. Mimi nikilitazama lile bapa naiona Ijumaa ile: mzee ameshika chuma chenye alama za vidole vyangu, amekwisha kuziona, na baraza zima linamcheka.