Supu ya Liki ya Mwalimu

Jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa Guangzhou ni mwalimu mstaafu kutoka Welisi. Tunasali naye kila Jumapili. Tarehe mosi Machi ni sikukuu ya mtakatifu wa nchi yake, mtu aliyeishi kwa maji, mkate na majani, akawafundisha watu kutimiza yale madogo kwa uaminifu. Siku hiyo kwao huvaa jani la liki, mboga ya jamii ya kitunguu, kifuani, au ua la njano linalochanua wakati huo, na hunywa supu ya kondoo na liki.

Mwaka huu nyonga ilimsumbua. Nikamwambia akae kitandani, supu nitapika mimi.

"Kila kitu kipo jikoni, Mama," akasema.

Niliona liki kwenye kapu. Kando ya sinki palikuwa na bakuli la maji lenye vitunguu vitatu vimeota majani marefu, mabichi. Wanawake wa hapa huotesha vitunguu namna hiyo, hivyo sikushangaa. Nikakata viwili, pamoja na majani yake, nikavitia sufuriani penye nyama na liki. Nilipoonja niliona uchungu kidogo, nikaongeza chumvi.

Binti yangu alipita akiwa njiani kwenda soko la nguo la Zhanqian kuchagua magauni ya kupeleka Mwanza. Ana mimba ya miezi saba. Mwalimu, akiwa kitandani, alimbandika jani la liki kwa pini.

"Sasa nitaonekana muuza mboga," binti akasema. "Watanipandishia bei."

Akamaliza bakuli zima, amesimama. "Mama, supu ina uchungu."

"Ni chakula cha mtakatifu," nikamjibu, "si cha harusi."

Akacheka, akaondoka.

Haikupita robo saa Mwalimu akaingia jikoni na fimbo yake. Alitazama lile bakuli la maji, kisha akanitazama.

"Maua yangu yako wapi?"

Nikamwonyesha sufuria.

Alikaa kwenye kiti. Alinieleza polepole, kama anayeogopa maneno yenyewe. Vile havikuwa vitunguu. Ni maua meupe ambayo Wachina huweka nyumbani wakati wa mwaka mpya, ndugu wa lile ua la kwao la njano. Yalikuwa yamenyauka, naye alishindwa kuyatupa kabla ya sikukuu. Kitunguu chake kina sumu.

Nilimpigia binti simu. Ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Tumbo langu likaanza kunikata kwa kule kuonja tu, vijiko viwili, nikamfikiria aliyemaliza bakuli. Nilitaka kusali zaburi niliyoijua tangu utoto, haikuja. Nilichoweza kusema ni, "Bwana, mtoto. Bwana, mtoto."

Hatimaye simu ikapokelewa na mwanamke Mkongo. Binti yangu alikuwa ametapika kwenye ngazi za soko, na wafanyabiashara wenzake walikuwa wanamtia kwenye gari kumpeleka hospitali. Mwalimu akalivika lile bakuli mfuko, na kitunguu kimoja kilichobaki ndani, akasema daktari lazima akione. Tukashuka pamoja, yeye na fimbo yake, mimi nikijishika tumbo.

Hospitalini nilimkuta binti amelala ubavu, midomo imekauka, jani la liki bado kifuani. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Daktari alikitazama kitunguu, akatikisa kichwa, akaagiza dripu. Kisha akampaka mafuta tumboni na kupitisha chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto. Kimya. Akakihamisha upande wa kushoto. Kimya tena. Mwalimu alinishika mkono, wake ulikuwa wa baridi kama wangu.

Ndipo tukasikia mapigo, ya haraka, kama mtu anayekimbia.

"Mama," binti akasema, macho amefumba, "mwakani tutavaa tu. Tusile."

Sikuweza kucheka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti ndogo, kisha nikamwomba daktari, kwa ishara, atusikilizishe tena.