Fito za Mama Salima

Ipo asubuhi moja ya Budondo, mwanangu, ambayo hunirudia kila ukungu unaposhuka hapa Namakwekwe, Mbale. Huanza vilevile: ukungu wa Nile umepanda hadi mashambani, mikaratusi haina mashina, vilele tu vinaelea, nami napita chini yake kama mtu anayetembea ndani ya usingizi wake mwenyewe.

Nilikuwa kijana. Nilitoka Malukhu, hapahapa Mbale, na cheti changu cha uchumi cha shule ya jioni, cheti nilichowaonyesha watu hadi kikakaribia kusema chenyewe. Kampuni moja ikaniajiri kulinda miti kule Budondo, Jinja. Ilinipa buti, daftari na filimbi. Nikiipuliza, nakuapia, ng'ombe wa Kenya waligeuza shingo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Huko mbali kuna viwanda vinavyotoa moshi mwingi. Wenye viwanda wanalipa ili miti yetu iunyonye moshi huo, na mwenye shamba anatia sahihi kwamba hatakata hata tawi. Mimi niliona ni maajabu. Niliwaeleza mkulima mmoja wa pale, Mzee Zubairi, na mkewe, Mama Salima, mchana kutwa: soko litapanga kila kitu, kila mtu atafurahi. Mama Salima akacheka, akaniongezea mihogo, kisha wakatia sahihi shamba lote. Miche aliipanda Mama Salima mwenyewe, akaimwagilia maji ya dumu alilobeba kichwani.

Miti ikakua, ikanipita urefu. Basi asubuhi ile ya ukungu nikasikia panga. Nikapuliza filimbi, nikakimbia, nikamkuta Mzee Zubairi na majirani watatu, kanzu zao zimelowa umande.

"Afande wa miti amefika," jirani mmoja akasema.

"Mzee, mkataba unakataza," nikasema, nikihema.

"Mama Salima ametutoka alfajiri," mzee akanijibu polepole. "Kaburi linachimbwa. Nataka fito za kumfunika, udongo usimwangukie."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza, mwanangu. Lakini cheti kikasema. "Pole sana, mzee. Ila mbao zipo sokoni Jinja. Nitapanda boda mwenyewe nikanunue."

"Hiyo si Kiswahili ya msiba, bwana," jirani akanikata. "Hiyo ni ya kambi ya askari."

Mzee akainua mkono kumzuia. "Huyo aliyenunua miti yangu, leo amezima moshi wake?"

"Hapana, mzee. Amelipa ili aendelee."

"Aendelee." Akalitazama shina lililokatwa nusu. "Yeye aendelee, mimi nisimame. Basi mwandikie. Mwulize nisimame hapa na mke wangu mpaka lini."

Ukungu ulikuwa unafunguka, jua likiingia kwa mistari, na ghafla mashina yakaonekana yote, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa limenyweshwa na lile dumu.

Nikavua filimbi, nikaomba panga. Fito ya kwanza niliikata mimi, na ya pili, hadi zikatosha. Tulimzika adhuhuri. Kisha nikaandika daftarini: nimekata mimi. Kampuni ilinifukuza kabla wino haujakauka, nikarudi Mbale na buti zao. Sikuzirudisha, Mungu anisamehe.

Sasa nasikia wenzao wa kampuni ile wamekuajiri, wanataka uwapitie wakulima wa milimani na fomu. Nenda, sikukatazi. Miti ni mizuri, na pesa ile ilimwezekea Mzee Zubairi bati. Lakini kabla mtu hajatia sahihi, mweleze kwa lugha ya nyumbani kwake nani ataendelea na nani atasimama. Waulize waliokutuma huyo mwenye moshi atapunguza kiasi gani huko kwake, maana mti wa maskini hauwezi kufanya kazi yake na ya tajiri pia. Na uandike kwenye fomu sehemu isiyouzwa kwa yeyote: kuni za uji, nguzo za nyumba, fito za msiba. Wakikataa, warudishie fomu zao. Hata buti warudishie. Hapo usinifuate mimi.

Mungu akulainishie njia za milima ile, akupe umri mrefu kuliko mikaratusi yote ya Budondo. Na siku ile ya mbali, ya mbali sana, itakapofika, ufunikwe kwa fito za shamba lako, na asiwepo wa kupuliza filimbi.